Unguja au Mafia? Mimi na dada yangu tumekwenda kote kuwili

Kwa miaka mingi mimi na dada yangu tulikuwa tunaonana misibani na harusini tu. Yeye anakaa Mwanza, mimi niko Dar es Salaam, na kila tulipokutana mmoja alikuwa na mwiko mkononi na mwingine anatafuta sahani za kuazima. Siku moja, baada ya arobaini ya shangazi yetu, tukiwa tumechuchumaa tunakosha masufuria, akaniambia, "Mdogo wangu, tutafute siku tano, tukae mahali ambapo hakuna mtu wa kutuuliza chumvi iko wapi."

Tukaenda Unguja, Julai 2022. Tukanogewa, tukarudia tena Novemba 2023, safari hiyo Mafia. Tangu hapo ndugu na marafiki wanaotaka kusafiri wawiliwawili, hasa mtu na dada yake, wananiuliza waende wapi. Dada yangu akiulizwa anajibu "Unguja" kabla swali halijaisha. Mimi nasema Mafia, ila nasema polepole, kwa sababu Mafia si kisiwa cha kila mtu na sitaki lawama. Basi naviweka hapa ubavu kwa ubavu, kama tulivyoviona sisi wawili, mchague wenyewe.

Kufika

Unguja ni rahisi, hilo halina ubishi. Unafika bandarini Dar, unapanda boti ya asubuhi, na kwa muda wa saa mbili hivi umeshaona minara ya Mji Mkongwe. Boti ni kadhaa kwa siku, ukikosa moja unangoja nyingine. Mtanzania anahitaji kitambulisho tu. Tatizo ni kusi. Sisi tulikwenda Julai, kusi limekolea, na tulipotoka nje ya bandari bahari ikaanza kutupima. Dada alikuwa amekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Sitaeleza zaidi. Kama mnakwenda kati ya Juni na Agosti, kaeni sehemu ya chini kuelekea nyuma, ambako boti haichezi sana, na chai muinywe mkishafika.

Mafia ina njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Dar hadi Kilindoni, ambayo haifiki hata saa moja. Ni zile ndege ambazo mizigo inapimwa kweli na wakati mwingine hata wewe mwenyewe unasimamishwa kwenye mizani, jambo ambalo dada alilichukulia kama tusi. Lakini kaeni dirishani. Kabla ya kuvuka bahari mnaona delta ya Rufiji, mikoko kwa mikoko mpaka macho yanachoka, na mito inayojikunja humo kama kamba iliyomwagwa. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar Septemba 1914. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege za kuitafuta manowari hiyo, na Julai mwaka huohuo manowari ikaangamizwa mtoni. Mimi napenda habari hizi. Dada aliniambia niache kupiga kelele, rubani anasikia.

Njia ya pili ndiyo wanayotumia watu wa Mafia wenyewe: basi kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, halafu kivuko au boti hadi gati la Kilindoni. Ni rahisi mno kwa bei, lakini mnatoa siku nzima, kwa sababu saa ya kuondoka inafuata maji na si saa ya ukutani. Sisi tulikwenda kwa ndege, tukarudi kwa maji. Nawashauri hivyohivyo, na si kinyume chake: mkianza na Nyamisati mtafika mmechoka na mmeshagombana.

Bahari, na ule mwezi ambao hakuna anayewaambia

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, tena kote kuwili. Wanachagua hoteli, wanachagua nguo, hawaangalii mwezi.

Pwani yetu bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa tena kwenye saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne au tano asubuhi, na yakipwa hayaendi mbali. Kwa hiyo mtu anayetaka kuogelea asubuhi halafu akapumzika mchana atafute wiki ya maji mafu. Hili nililijua baada ya kwenda, si kabla.

Sisi tulifikia Paje, mashariki ya Unguja, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Dada alikuwa amenunua vazi jipya la kuogelea, akalivaa chini ya dera, akatoka saa nne asubuhi na taulo begani. Akasimama. "Bahari yenyewe iko wapi?" Ilikuwa kule mbali, mstari mweupe kwenye mwamba, na kati yetu na yenyewe ni mchanga mtupu, madimbwi na vijiti.

Vile vijiti ni mashamba ya mwani. Pwani hii ya mashariki imelima mwani wa biashara tangu 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuogelea, tukatembea mpaka kwao. Dada yangu ana duka la vitenge, na mfanyabiashara akimkuta mfanyabiashara mwenzake hakuna tena mtalii. Wakamweleza jinsi ya kufunga mbegu kwenye kamba, bei ya kilo ilivyo, na kwamba ile aina ya cottonii, inayolipa zaidi, imekuwa shida kustawi tangu maji yaanze kupata joto, sharti uipeleke kwenye kina zaidi, na kina kinataka mashua na kujua kuogelea. Tulikaa humo mpaka maji yakatufika magotini na wale akina mama wakatuambia tutoke. Ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi katika safari ya Unguja, na hatukuogelea hata kidogo.

Kama kuogelea ndiyo haja yenu, msiende mashariki, nendeni kaskazini. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii vile, unaingia saa yoyote. Hasara yake ni kwamba kila mtu analijua hilo. Kendwa usiku ni muziki, na mchana ni vijana wa boti wanaokuuliza jina kila baada ya hatua kumi.

Mafia nayo itawaudhi kwa namna nyingine. Wageni wengi hulala Utende, upande wa Ghuba ya Chole, na ufuko wa Utende si ule wa kwenye kalenda. Kuna mikoko, kuna matope maji yakipwa, kuna kaa wanaokukimbia. Mtu aliyejiandaa kwa picha atanuna siku ya kwanza. Uzuri wa Mafia uko chini ya maji. Ghuba yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ukivaa miwani ya kuzamia na mrija ukainamisha uso tu unaona matumbawe na samaki wa rangi ambazo nilidhani ni za khanga peke yake. Mchanga mweupe upo pia, lakini unafuatwa kwa mashua: ni mafungu yanayotokeza maji yakipwa, mnashushwa na mwamvuli na chakula chenu, mnakaa mpaka fungu linaanza kuliwa na bahari, mnaondoka.

Halafu kuna papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi huja karibu na Kilindoni kutafuta chakula. Hana habari na watu, anakula viumbe vidogodogo anavyochuja mdomoni. Tulitoka asubuhi na mashua, nahodha akasimama juu akitafuta kivuli majini, mara akapiga mluzi. Nikaruka. Sijui niseme nini. Ulikuwa mgongo mpana wenye madoa meupe, mrefu kuliko mashua yetu, unapita chini yangu bila haraka kama gari la mizigo lililokosa breki lakini halina pa kugonga. Mdomo wazi, upana wa mlango wa jiko. Ukafuata mkia, nikakumbuka tulichoambiwa, nikajivuta pembeni. Haruhusiwi kuguswa, na usikae mbele yake ukamzibia njia.

Dada hakuingia. Alikaa kwenye mashua amevaa boya, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, anasoma dua. Leo akisimulia anadai yeye ndiye aliyemwona vizuri, kwa sababu alikuwa juu, mkavu, na macho yamefunguka.

Kama mnataka kuona pomboo, Kizimkazi ya Unguja inajulikana kwa hilo. Tulikwenda. Tulikuta boti nyingi zinamfukuzia pomboo mmoja na wanawe. Sitarudi.

Mji

Hapa Mafia haina cha kujibu. Kilindoni ni mji wa wilaya: soko, benki, msikiti, bodaboda, maduka ya vyuma na saruji. Tuliuzunguka wote nusu saa, dada akanunua limao.

Unguja ina Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mji huo kwa watu wawili wanaopenda kutembea ni karamu. Tulipotea vichochoroni Kiponda, tukatokea Hurumzi, tukapotea tena. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash 1883, tuliliona kwa nje tu, kwa sababu upande wake ulianguka Desemba 2020. Tulipita Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa 1873. Ukiingia vile vyumba vya chini unainama, na ukiinama hunyanyuki haraka. Dada, ambaye hanyamazi, alinyamaza mpaka tulipofika Darajani.

Darajani ulimi ukarudi. Na kutoka Darajani mpaka Mchangani na Mlandege ndiko pesa zetu zilikoishia. Nawaonya: mkienda na mtu wa vitenge, tengeni siku nzima na muache kadi hotelini. Alipekua doti za khanga kama anayetafuta kosa kwenye mkataba, anasoma jina moja baada ya jingine kwa sauti, muuzaji anacheka, na kila jina lilikuwa na mtu wake kule nyumbani. Moja akamnunulia wifi yetu. Sitaliandika hapa, wifi anasoma.

Jioni ni Forodhani. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja mmoja, kila mmoja na mkogo wake, na nyuma yao meza zinawashwa taa: mishkaki, pweza, muhogo, maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Samaki wa Forodhani kuleni kwa macho kwanza, muulize bei kwanza, na mkiweza mfuate wenyeji wanapopanga foleni. Mimi urojo niliupata mzuri zaidi kichochoroni kwa mama mmoja mwenye benchi moja, kuliko pale penye taa.

Kuna jambo moja la Unguja ambalo wanawake wawili watakutana nalo, nalo ni papasi. Anakujia bandarini, ufukweni, kona ya mtaa. Anataka kukuonyesha njia, viungo, boti, shemeji. Wengi si watu wabaya, wanatafuta riziki, na ukisema Kiswahili wanapungua nusu. Nusu iliyobaki hupunguzwa na dada yangu. Alikuwa na sentensi moja, "Mwanangu, nimekuja na mume wangu, amelala," na hakuwahi kuulizwa swali la pili. Mafia kwa siku tano hakuna aliyetufuata. Watu walisalimia, tukaitikia, wakaendelea na safari zao.

Kote kuwili ni kwa Waislamu wengi, kwa hiyo ufukweni vaa utakavyo lakini mjini na vijijini jifunge khanga. Ramadhani Unguja mchana migahawa mingi hufungwa na kula barabarani si adabu; Mafia ni vilevile, na huko hata hiyo migahawa yenyewe ni ya kuhesabu.

Mnapokosa la kufanya

Sasa nifike kwenye lile ambalo mimi na dada hatukubaliani, na ambalo naona ndilo la kuchagulia, zaidi ya mchanga na bei.

Unguja haikuachi ukae. Ukiamka kuna msitu wa Jozani na wale kima punju ambao asili yao ni Unguja peke yake, kuna kobe wakubwa wa Changuu, waliotoka Ushelisheli, kuna mashamba ya viungo, kuna mapango ya Mangapwani, kuna khanga ulizozirudisha jana unataka kwenda kuzichukua. Tulikuwa tunarudi chumbani saa nne usiku, miguu imevimba, tunacheka, tunalala. Siku tano zilikwenda kama sherehe nzuri. Na kama sherehe, hatukuzungumza jambo lolote la maana. Dada anasema ndiyo raha yake: alitoka Mwanza kupumzika, hakuja kikaoni.

Mafia siku ya tatu vitu vya kufanya vinakwisha. Mmeshakwenda kisiwa cha Chole, mmewaona popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa mtini na kuruka jioni, mmepita kwenye magofu ya wakati wa Wajerumani ambayo mizizi ya miti imeyakumbatia. Papa potwe mmemwona. Intaneti inakuja na kuondoka. Mnabaki nyinyi wawili, viti viwili, na maji yanayopwa.

Siku hiyo ya tatu tulikwenda kisiwa cha Juani, kwenye magofu ya Kua. Mashua hupita vizuri kwenye mlango wa mikoko maji yakijaa, kwa hiyo tulikwenda yalipojaa tukangoja kurudi. Kua ulikuwa mji hasa: misikiti, makaburi, nyumba kubwa ya mtawala, leo mibuyu imesimama katikati ya kuta. Kuna hadithi ya huko. Watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, waliunda chombo, na siku ya kukishua wakawaalika watu wa Kua. Wageni walipofika, watoto wao wakakamatwa, wakalazwa mchangani, chombo kikapitishwa juu yao kuingia majini. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawaketisha kwenye chumba cha chini, chakula na ngoma, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja wa kuwachangamsha wageni, huku nje mlango unajengwa kwa mawe. (Ndivyo inavyosimuliwa Kua. Ukiisikia Kisimani, usishangae wenye makosa wakibadilika.)

Dada alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na wewe ile sendofu yako bado umeniwekea?"

Hakuja kwenye sendofu yangu. Alituma kitenge na salamu. Nilikuwa nimemwekea miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa tulipika pamoja kwenye shughuli zisizopungua ishirini bila kuligusa. Akanieleza kilichomzuia, ambacho si cha kuandikwa hapa. Maji yalichelewa kujaa, nahodha hakuwa na haraka, tukazungumza mpaka tukamaliza, kisha tukala maembe.

Kwa hiyo nikisema Mafia, nasema hilo. Dada yangu anasema yale mazungumzo tungeweza kuyafanya hata kwenye benchi la Forodhani. Labda. Lakini Forodhani tulikaa jioni nne, na hatukuyafanya.

Upande wa pili wa jambo hili usipuuzwe. Kama mna jambo bichi kati yenu, la urithi, la shemeji, la mkopo usiolipwa, na hamko tayari kulizungumza, msiende Mafia. Mtafungiwa nalo. Nendeni Unguja mkanunue khanga.

Pesa

Kwa ufupi: kufika Unguja ni rahisi kwa bei, kukaa kunategemea mnavyopenda. Mjini na Jambiani kuna nyumba za wageni za wastani, na daladala zinafika karibu kila pwani. Ile ya Nungwi ni namba 116. Ombeni bei ya mkazi, na muitaje kabla ya kukubali chumba, kwa sababu bei ya kwanza huwa ya mgeni. Hoteli moja ya ufukweni ilitutoza kwa bei ya mgeni, na tulipotoa vitambulisho ikachukua siku mbili kukumbuka kuwa Tanzania ni moja.

Mafia usafiri ndio unaokula pesa, ukienda kwa ndege. Kingine kinachokula ni mashua, kwa kuwa kila cha kuona kinafuatwa majini, na mkiwa wawili tu gharama ya mashua mnaigawa kwa wawili. Tulipata wengine wawili tukachangia, bei ikashuka. Kuna pia ada ya kuingia hifadhini, inayohesabiwa kwa siku. Raia hulipa pungufu sana kuliko mgeni, ila muwe na kitambulisho na mtunze risiti. Bodaboda kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita kama 15, barabara ya lami. Chakula mtakula mnapolala: wali wa nazi, changu, pweza wa nazi. Nazi za Mafia haziishi, na nadhani dada alikunywa madafu kwa siku kuliko maji.

Msimu

Papa potwe wakiwa ndiyo haja, basi ni Mafia na ni Novemba hadi Februari. Wakati huo kaskazi linavuma na bahari ina adabu. Kati ya Juni na Septemba hivi, Juani kuna watoto wa kasa wanaoanguliwa na kukimbilia majini, ambao sisi hatukuwahi kuwaona kwa kuwa tulikwenda nje ya msimu wao. Aprili na Mei ni masika, mvua hainyeshi bali humwagwa. Kwenye visiwa vyote viwili hoteli nyingi hufunga au hupunguza bei, na kama nia yenu ni kulala tu, si wakati mbaya.

Unguja Julai, licha ya chapati zile mbili, ilitupa Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Wanaume wanachapana kwa migomba kumaliza ugomvi wa mwaka, wanawake wanapita wamevaa wakiimba wanalotaka kuliimba. Februari kuna Sauti za Busara, kama mnapenda muziki na mmewahi kuhifadhi chumba mapema.

Basi nani aende wapi

Wanaokutana baada ya muda mrefu, wana siku tatu tu na wanataka picha, chakula na kicheko: Unguja, Mji Mkongwe siku mbili, moja ya pwani. Wenye siku tano na zaidi, wanaoweza kukaa kimya bila kushika simu, mmoja wao akiwa anapenda kuzamia: Mafia. Kama mmoja anaogopa maji kama dada yangu, Mafia bado inawezekana, mradi akubali kukaa kwenye mashua na mwenzake asimcheke. Mimi nilimcheka, ikanigharimu chakula cha jioni.

Sasa mama yetu amesikia, naye anataka kuja Desemba hii. Ana miaka 71 na goti la kushoto halikunji vizuri. Utende na Chole mashua haifiki nchi kavu, unashuka majini, wakati mwingine mpaka mapajani, umebeba viatu kichwani. Kwa hiyo mjadala umefungwa, dada ameshinda, ni Unguja. Nimeshaangalia mwezi, na chai ya maziwa nimeipiga marufuku kabla ya boti.